Raspberry Pi, DAC na Sabufa: Mipangilio ya Kugusa na ya Kuiacha

Kabla hujagusa mpangilio wowote wa pleya yako, ingia ndani yake kwa SSH, cheza wimbo ulionakiliwa kutoka kwenye CD, kisha andika amri hii:

cat /proc/asound/card0/pcm0p/sub0/hw_params

Itakujibu kwa mistari michache. Ukijibiwa neno moja tu, closed, ama muziki umesimama ama DAC yako imepewa namba nyingine, kwa hiyo jaribu card1 au card2. Mstari wa kuangalia ni ule unaoanza na rate. Wimbo wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, hivyo hapo unatakiwa uone 44100. Ukiona 48000, kuna programu njiani inayoupika upya muziki wako bila kukuuliza. Kama unalo faili la 96 kHz, licheze na urudie amri ileile: namba inapaswa kupanda hadi 96000. Namba isiyobadilika wakati faili zinabadilika ni dalili ya tatizo.

Jirani na hapo utaona pia format: S32_LE, na huenda ukajiuliza imekuwaje wimbo wa biti 16 ukageuka wa biti 32. Haujageuka. Sampuli zilezile zimewekwa kwenye nafasi kubwa zaidi na sehemu iliyobaki imejazwa sifuri.

Nimeanza na amri hii kwa sababu ushauri mwingi kuhusu pleya za mtandao hutolewa kwa masikio peke yake, na masikio hudanganyika upesi. Kazi ya pleya ni kuzifikisha kwenye DAC namba zilezile zilizomo kwenye faili, bila kuzibadilisha na bila kukatakata njiani. Ikishafanya hivyo imemaliza kazi yake, na hakuna mpangilio wa siri utakaoipa uhai zaidi. Ukitaka sauti tofauti baada ya hapo, ibadilishe kwa makusudi na kwa vipimo.

Mfano nitakaoutumia ni Raspberry Pi yenye DAC, yaani kile kigeuzi kinachozigeuza namba kuwa umeme wa sauti unaoingia kwenye amplifaya. Ndani ya Pi kuna piCorePlayer, na ndani ya piCorePlayer kuna Squeezelite, programu inayopokea muziki kutoka kwenye seva iitwayo Lyrion Music Server. Ukoo huu ni wa zamani kidogo. Kampuni ya Slim Devices ya California ilitoa pleya yake ya kwanza ya mtandao mwaka 2001, Logitech ikainunua kampuni hiyo mwaka 2006, ikatoa Squeezebox Touch mwaka 2010, na kufikia 2012 ikaachana na vifaa vya Squeezebox. Kwa kuwa programu ya seva ilikuwa huria tangu mwanzo, haikufa. Mwaka 2024 Logitech ilipofunga huduma yake ya mtandaoni ya Squeezebox, seva nayo ikapewa jina jipya la Lyrion. Kama wewe unatumia moOde au Volumio, injini yake ni MPD na majina ya vitufe yatatofautiana, lakini mantiki ni moja.

Njia ya kwenda kwenye DAC

Kama bado unatoa sauti kwenye lile tundu la hedifoni la Raspberry Pi, weka pembeni mwongozo huu ukatafute DAC kwanza, hata ndogo ya USB. Tundu hilo halina DAC ya maana nyuma yake, na Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, haina kabisa tundu hilo.

Sasa twende kwenye ile 48000. Linux hupitisha sauti katika mfumo uitwao ALSA, na ALSA ina milango zaidi ya mmoja inayoelekea kwenye DAC ileile. Mlango uitwao default mara nyingi hupitia kichanganyi kiitwacho dmix, ambacho kipo ili programu kadhaa ziweze kutoa sauti kwa wakati mmoja. Ili kichanganye lazima vitu vyote viwe na kasi moja ya sampuli, na kasi ambayo dmix imezaliwa nayo ni 48000. Kwenye kompyuta ya ofisini hilo ni jambo jema, maana unataka kusikia wimbo na mlio wa ujumbe kwa pamoja. Kwenye pleya ya muziki halina faida yoyote.

Andika aplay -l ili uone orodha ya kadi za sauti na majina yake. Kisha fungua ukurasa wa mipangilio ya Squeezelite ndani ya piCorePlayer, na kwenye sehemu ya kifaa cha kutolea sauti uandike mlango unaoanza na hw: ukifuatiwa na jina la kadi, kwa mfano hw:CARD=sndrpihifiberry. Mlango wa hw hupeleka namba moja kwa moja. Jirani yake, plughw, naye hupeleka moja kwa moja lakini ana ruhusa ya kubadilisha pale DAC inaposhindwa kupokea. Mtumie huyo ikiwa hw inakupa ukimya. Tumia jina la kadi na uache namba yake. Kadi za USB hubadilishana namba pleya inapowashwa upya, na wengi wamehangaika asubuhi wakidhani DAC imekufa kumbe imehama kutoka 1 kwenda 0.

Kama DAC yako ni ile ya kupachikwa juu ya Pi, chagua jina lake halisi kwenye orodha ya bodi, usichague linalofanana nalo kwa sababu tu sauti imetoka. Baadhi ya bodi hizo zina saa zake zenyewe za kuongoza sampuli, na dereva asipojua kwamba saa hizo zipo, hazitatumika.

Upande wa seva kuna mambo matatu tu. Fungua kivinjari kwenye anwani ya seva, mlango 9000, nenda kwenye mipangilio ya pleya, ukurasa wa sauti. Hakikisha hakuna kikomo cha kasi ya biti, maana kikomo hicho huifanya seva igeuze FLAC yako kuwa MP3 kabla ya kuituma. Zima mpishano wa nyimbo, ule unaofifisha wimbo mmoja huku ukiingiza mwingine. Albamu zisizo na mapumziko zitaendelea kuungana bila kuuhitaji. Halafu kwenye ukurasa wa aina za faili, FLAC iachwe iende kama FLAC.

Kupandisha sampuli, yaani kuigeuza 44.1 kuwa 176.4 au zaidi kabla haijafika kwenye DAC, Squeezelite inaweza, na inafanya vizuri. Mimi naiacha imezimwa. DAC za sasa hupandisha zenyewe ndani, na kuifanya kazi hiyo mara mbili hakuongezi taarifa yoyote iliyokuwa haimo kwenye faili. Vivyo hivyo MP3 ya kbps 128 iliyopitia simu za watu kumi itabaki kuwa hivyohivyo. Kilichokatwa wakati wa kuibana hakirudi kwa mpangilio.

Volyumu, na kwa nini sabufa inapasuka

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapopoteza sauti nzuri, na ndipo ushauri wa vitabuni unapoweza kukuponza.

Ushauri wenyewe ni kwamba volyumu ya pleya ifungwe kwenye asilimia 100, halafu utumie kitufe cha amplifaya. Lyrion ina chaguo hilo. Kwa amplifaya ya kawaida yenye kitufe chake ni ushauri sahihi. Lakini kama amplifaya yako haina kitufe cha volyumu, kufunga pleya kwenye 100 ni kuhatarisha spika na masikio ya watoto: mtu atagusa simu, na wimbo utaanza kwa nguvu zote.

Halafu kuna sabufa. Nyumbani kwetu wengi muziki hauendi kwenye amplifaya ya mezani, unaingia kwenye sabufa yenye spika zake mbili ndogo, iliyotengenezwa ikitarajia simu au redio inayotoa chini ya volti moja. DAC nyingi za mezani na za kupachikwa juu ya Pi hutoa takriban volti 2. Matokeo yake mlango wa sabufa unazidiwa kabla muziki haujafika kwenye kitufe, na sauti inapasuka hata ukiwa umeshusha kitufe hadi karibu na sifuri. Mwenye nyumba anaamini spika zimechoka. Mwingine anaamini DAC ni feki.

Jaribu hivi. Tafuta kipande chenye kelele nyingi, tarumbeta zikiwa juu, pleya ikiwa 100 na kitufe cha sabufa kikiwa chini. Ukisikia mkwaruzo kwa sauti hiyo ndogo, shusha volyumu ya pleya polepole mpaka mkwaruzo uondoke, ongeza kushusha kidogo kwa usalama, na pafanye hapo kuwa ndipo mwisho wako wa juu. Kushusha kwa desibeli 6 kunaigeuza volti 2 kuwa 1; kwa desibeli 12 kunaifanya kuwa nusu volti. Usishuke mno pia, kwa kuwa ukifidia pengo kwa kitufe cha sabufa utaanza kusikia mvumo wake wenyewe.

Wapo watakaokuambia volyumu ya dijitali huharibu muziki kwa kula biti. Hesabu haiwaungi mkono kwa vifaa vya leo. Kila desibeli 6 unazoshusha hugharimu biti moja. Wimbo una biti 16, DAC inapokea 24, kwa hiyo kuna biti nane za ziada, sawa na desibeli 48, kabla hujaanza kuukata wimbo wenyewe. Ukishusha kiasi hicho, sebuleni hutasikia chochote zaidi ya feni. Hofu hiyo ilikuwa na msingi zama za DAC za biti 16, na imeendelea kurithishwa tangu wakati huo.

Muziki unapokatakata

Ukisikia muziki unakatika au unatoa mlio mfupi mkavu, anza na chaja. Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Pi 5 inataka ampea 5. Chaja ya simu iliyookotwa kabatini, pamoja na kebo yake nyembamba, hushindwa pale diski na DAC zinapovuta kwa pamoja. Kwenye Raspberry Pi OS na moOde, andika vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 maana yake umeme uko sawa. Ukiona 0x50000, umeme ulipungua wakati fulani tangu Pi iwashwe. Ukiona 0x50005, umepungua sasa hivi unaposoma. Ukiunganisha Pi na runinga utaona pia alama ndogo ya radi kwenye kona. Hakuna mpangilio wa programu unaotibu hilo. Nunua chaja halali.

La pili ni WiFi. Nyumba zetu za tofali za saruji hazina huruma na mawimbi ya 5 GHz, ambayo ni mepesi lakini hupenya kuta kwa shida. Na kwenye maghorofa ya kupanga, 2.4 GHz imejaa rauta za majirani. Diski ya USB 3 ikikaa kando ya Pi nayo huchafua 2.4 GHz, kwa hiyo isogeze mbali kwa kebo. Zima hali ya kubana umeme ya WiFi kwa sudo iw wlan0 set power_save off. Dawa kamili ni waya wa mtandao kutoka kwenye rauta, na kama hauwezekani, iweke Lyrion ndani ya Pi hiyohiyo na diski ya muziki uichomeke hapohapo. Hapo faili zako hazipiti hewani kabisa, wala hazigusi kifurushi chako. Muziki wa FLAC wa ubora wa CD unaosikilizwa kutoka kwenye huduma za mtandaoni hula takriban MB 400 kwa saa, jambo ambalo mwenye kununua vifurushi vya siku anapaswa kulijua mapema. Kama Pi yako ni ya 3 au ya nyuma zaidi, kumbuka kwamba waya wa mtandao na milango yote ya USB vinagawana njia moja ya ndani. DAC ya USB, diski na mtandao vikifanya kazi kwa pamoja vinaweza kubanana.

La tatu ndilo la programu: bafa. Bafa ni simtanki la nyumbani. Maji ya bomba yakikatika, unaendelea kuoga mpaka tanki liishe. Squeezelite ina mawili. La kwanza hupokea faili likiwa bado limebanwa, na ukubwa wake wa kuzaliwa ni KB 2048, zinazotosha sekunde kama 18 za FLAC ya kawaida. La pili hushika muziki uliokwisha kufunguliwa, KB 3445, na hapo ndipo pana jambo ambalo wengi hawalioni. Ukubwa huo ulipigiwa hesabu ya sekunde 10 za muziki wa 44.1 kHz. Ukicheza faili la 192 kHz, tanki lilelile linaisha kwa sekunde 2 na kidogo. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba CD zake zinacheza vizuri ila zile albamu kubwa alizonunua kwa bei ya juu ndizo zinazokatika. Kwenye sehemu ya ukubwa wa bafa andika 8192:16384, na hata 192 kHz itarudi kwenye sekunde kumi hivi. Pi ina kumbukumbu ya kutosha kwa hilo.

Kuna bafa nyingine ndogo upande wa ALSA, inayoandikwa kwa namna ya 80:4, yaani milisekunde 80 zilizogawanywa mara nne. Isiguswe mpaka usikie milio mifupi mikavu kwenye DAC ya USB wakati mtandao na umeme viko sawa. Hapo jaribu 160:4. Kupandisha au kushusha namba hizi ukitafuta "utamu" ni kupoteza jioni.

Nyimbo za zamani kando ya za sasa

Maktaba ya msikilizaji wa Kiswahili ina tabia yake. Ndani yake wamo Siti binti Saad aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, taarabu iliyotolewa kwenye kaseti, muziki wa dansi wa miaka ya 1970, na Bongo Fleva ya mwezi uliopita. Nyimbo za sasa zimebanwa ziwe na kelele muda wote. Za zamani zina sauti ndogo na pumzi. Ukizichanganya, utashinda jioni nzima ukipandisha na kushusha volyumu.

Dawa yake ni ReplayGain. Programu kama rsgain au foobar2000 hupima ukubwa wa kila wimbo na kuandika lebo ndani ya faili, bila kuugusa muziki wenyewe. Pleya ndiyo husoma lebo na kushusha kadiri inavyotakiwa. Usishangae Bongo Fleva ikishushwa kwa desibeli 8 au 10. Kwenye Lyrion chagua hali ile inayotambua yenyewe kama unacheza albamu nzima au mchanganyiko, ili albamu ibaki na tofauti zake kati ya wimbo mtulivu na wenye nguvu. Wapo wanaokataa ReplayGain kwa sababu namba zinabadilika. Zinabadilika kweli, kama zinavyobadilika ukigusa volyumu, na ile hesabu ya biti nane inatumika hapa pia.

Rekodi za zamani zina jambo jingine. Nyingi ni za mono, lakini zilipohamishwa kutoka kwenye santuri au kaseti zilirekodiwa kwa stereo. Mwimbaji ni yuleyule kushoto na kulia, ila mikwaruzo na mvumo wa kila upande ni tofauti. Ukizijumlisha pande mbili kuwa moja, sauti ya mwimbaji inajumlika kikamilifu, mvumo haujumliki hivyo, na unapata nafuu ya kama desibeli 3. CamillaDSP, ile programu ya kuchakata sauti iliyoandikwa na Henrik Enquist na ambayo moOde inayo tayari, inaweza kufanya hivyo: tengeneza mchanganyo ambamo kila upande unapokea nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Sikiliza kwa makini herufi s na sauti nyembamba za juu. Zikififia mara tu unapoingia mono, kichwa cha deki iliyotumika kuhamisha kaseti kilikuwa kimeinama, na pande mbili hazifiki kwa wakati mmoja. Hapo achana na kujumlisha, chagua upande mmoja ulio safi zaidi na uupeleke kwenye spika zote mbili.

Chumba

Ukishamaliza yote hayo, kinachobaki kati yako na muziki ni chumba, nacho hubadilisha sauti kuliko DAC yoyote utakayonunua. Sebule ya kuta za saruji, vigae sakafuni na dari ngumu hairuhusu besi kutoka. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine, na masafa fulani yanavimba.

Masafa yenyewe unaweza kuyajua kwa kalamu. Gawanya kasi ya sauti kwa urefu wa chumba mara mbili. Kwenye joto la Pwani la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Chumba cha mita 4: 349 gawanya kwa 8, unapata karibu 43.6 Hz. Noti ya F ya chini kwenye gitaa la besi ni 43.7 Hz. Maana yake, katika chumba hicho kila mpiga besi anapogusa F nyumba nzima inanguruma, na anapohamia noti inayofuata besi inarudi kuwa ya kawaida. Watu husema besi ya spika zao haina adabu, au husifu kwamba sabufa "inagonga". Ni noti moja tu inayogonga.

Anza bila programu. Itoe sabufa kwenye kona, kwa kuwa kona huzidisha besi, na usikae umeegemea ukuta wa nyuma. Kisha pima. REW ya John Mulcahy ni programu ya bure, na maikrofoni ya vipimo kama UMIK-1 ya miniDSP ndiyo inayotumiwa na wengi pamoja nayo. Asiye na maikrofoni acheze toni moja moja kutoka 30 hadi 120 Hz, akipanda kwa hatua ndogo, huku simu yenye programu ya kupima kelele ikiwa pale anapokaa. Simu husoma besi pungufu, lakini kilele kinachovimba kitaonekana. Pima madirisha yakiwa kama yanavyokuwa unaposikiliza. Dirisha lililo wazi hutoa besi nje, na kipimo cha madirisha yaliyofungwa hakitakufaa usiku wa joto.

Ukishapata kilele, kwenye CamillaDSP weka kichujio cha aina ya Peaking kwenye masafa hayo, Q karibu 5, na ushushe desibeli 6. Pima tena. Ongeza kingine kama kuna kilele cha pili. Vichujio viwili au vitatu chini ya 200 Hz vinatosha nyumba nyingi. Juu ya hapo usiguse, maana ukisogeza kichwa kidogo tu vipimo vinabadilika.

Shimo usilijaze. Pale ambapo mawimbi yanafutana, ukiongeza nguvu yanafutana kwa nguvu zaidi, na desibeli 6 za nyongeza zinaitaka amplifaya itoe nguvu mara nne. Sogeza kiti au spika. Na ukiongeza popote, shusha volyumu ya jumla kwa kiasi hichohicho ili vilele visipasuke.

Ndiyo, hapo namba zinazofika kwenye DAC hazifanani tena na za kwenye faili. Kati ya namba takatifu na besi inayoeleweka, mimi nachagua besi.

Ya kuacha

Zama za Squeezebox Touch palikuwa na skripti za kuzima kioo, kuua huduma za ndani na kupanga upya kipaumbele cha kila kazi ya prosesa, kwa ahadi ya sauti iliyo wazi zaidi. Mrithi wake leo ni ushauri wa kufunga kasi ya prosesa, kuzima taa ndogo za Pi na kutafuta kiini maalumu cha Linux. DAC za USB za kisasa hufanya kazi kwa saa yake yenyewe: DAC ndiyo huomba data kwa mwendo wake, na kompyuta hutakiwa tu kuijaza kwa wakati. Ikichelewa, utasikia mkatiko. Isipochelewa, hakuna kingine cha kusikia.

Ukiona mabadiliko ya namna hiyo yamekufurahisha, yajaribu kwa haki. Mwombe mtu wa nyumbani abadilishe bila kukuambia, nawe uandike kila mara unadhani ni ipi. Hakikisha volyumu zinalingana hadi desibeli 0.1, kwa sababu kilicho juu kidogo husikika kuwa kizuri zaidi, na tofauti hiyo ndogo huwezi kuitambua kama volyumu. Ukipatia mara tano kati ya kumi, hiyo ni bahati ya kurusha sarafu.

Mwisho, hifadhi ulichokifanya. piCorePlayer huendeshwa ndani ya kumbukumbu ya muda, na kwa kawaida kadi haiandikwi wakati muziki unacheza, ndiyo sababu inavumilia kukatika kwa umeme kuliko moOde na Volumio, ambazo unapaswa kuzizima kwa utaratibu. Lakini kwa sababu hiyohiyo, mabadiliko uliyoyafanya kwa mkono kupitia SSH yatapotea usipoandika pcp bu kabla ya kuzima. Nakili pia faili la CamillaDSP na zile namba za bafa kwenye flashi, uandike na tarehe, kisha ufunge SSH.